Ukituma hela kwa tapeli, jina linalokuja si lake. Safari hii lilikuja langu

FundiBarafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ile meseji wote tunaijua. "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina shida, jina litakuja tofauti." Tunaicheka, tunaipiga picha na kuirusha kwenye magrupu, wengine wanamjibu "nimeshatuma, cheki salio" ili wampotezee muda. Sawa. Ila lile jina linalotokea kwenye skrini kabla hujabonyeza namba ya siri, mmeshajiuliza ni la nani? Tapeli hana wazimu wa kuweka la kwake.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, Tabata. Juzi kati nipo juu ya ngazi nachomelea bomba la shaba, simu ikaita, namba ngeni. Mama mtu mzima, sauti ya mtu aliyelia mpaka machozi yakaisha. Salamu hakuna. Akanitaja majina yangu matatu kwa mpangilio uleule wa kwenye kitambulisho, kisha: "Baba, mimi sina ugomvi na wewe. Nirudishie hela ya watu."

Nikashuka ngazi.

Mama huyu yuko Singida, ananunua alizeti kwa wakulima kwa niaba ya mwenye mashine ya kukamua mafuta. Hela anayozunguka nayo si yake, ameaminiwa tu. Siku hiyo alikuwa ameshapatana na mkulima, magunia yako juu ya gari, imebaki kulipa. Ndipo ikaingia meseji ya "ile hela itume huku". Kwake haikuonekana kama meseji ya kitapeli hata kidogo, ilikuwa kama mkulima anaendeleza mazungumzo yao. Akatuma. Jina likaja langu, akaona sawa, si ameambiwa litakuja tofauti? Haikupita saa, mkulima akapiga kuuliza mbona kimya.

Naomba tuache kusema wanaotapeliwa hivi ni wajinga. Mtumaji hamjui yeyote. Anarusha kwa namba nyingi kadiri awezavyo, na katika hizo lazima awepo mtu ambaye dakika hiyohiyo anataka kulipa kodi ya nyumba, ada, au gunia. Anakutana na mtu aliyeshika hela mkononi, basi.

Mama alichofanya baada ya hapo kilinishangaza. Alichukua yale majina matatu akayatafuta Facebook. Mimi nina ukurasa wa kazi, namba ya simu nimeiandika kubwa kuliko hata picha ya kiyoyozi. Kwake ushahidi umekamilika: jina hili, sura hii, namba hii. Nilimwelewa. Hata mimi ningeamini.

Nikamwomba anitumie ile namba aliyotumia hela. Siijui. Nikapiga *106#, nikafuata maelekezo, nikaingiza namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Zikaja laini zangu mbili ninazozijua, na chini yake nyingine za mitandao ambayo duka lake sijawahi kuingia. Ile ya alizeti ilikuwemo. Nilikaa chini kwenye ndoo ya rangi pale site, mteja akadhani nimepigwa na umeme.

Sasa imefikaje pale? Kuapa siwezi. Ila mtakumbuka ile Januari 2020. Mwisho wa kusajili kwa alama za vidole ulikuwa Desemba 31, 2019, Rais Magufuli akaongeza siku ishirini, ikawa Januari 20. Nchi nzima ikaamkia kwenye miavuli ya vijana wanaosajili laini barabarani. Nilisajili kwa kijana mmoja stendi, foleni mpaka barabarani. Akaniambia gumba halisomi, futa jasho. Nikafuta kwenye suruali. Bado. Weka la kushoto. Bado. Rudia la kulia, lilaze vizuri. Kila nikibonyeza kile kimashine kinalia mlio uleule, na yeye anabofya vitu kwenye simu yake ambavyo mimi sivioni. Nyuma watu wanapiga kelele "fanya haraka wewe". Ukapita muda, akasema tayari.

Baada ya hapo ni mambo ya kituoni, kwa mpelelezi, na dukani kwa mtandao husika kuzikana zile laini. Zimefungwa. Mama wa Singida alikuwa na RB yake, yaani namba ya taarifa ya polisi, nami nikaandikisha maelezo yangu. Mpelelezi alinisikiliza vizuri, namshukuru, lakini neno lake moja linanisumbua: "Kwa sasa karatasi inasema ni wewe."

Naomba mwenye uzoefu na hili aongee. Na kabla hujaandika kitu, piga *106# kwanza halafu urudi.

---

Mzee wa Kijiweni

Nimerudi. Zangu ziko sawa. Ila nimegundua nina laini niliyoisahau tangu enzi za ofa za usiku. Endelea mkuu, nimevuta kiti.

---

Kidojembe

Mkuu FundiBarafu, nakuheshimu, ila hii hadithi ina tundu. Laini haisajiliwi bila kidole chako. Mfumo unalinganisha na NIDA hapohapo. Kama kidole ni chako, basi ulikuwepo. Vijana wengi mjini wanauza usajili kwa buku mbili tatu, yakiwaka wanakuja kulia hapa. Sisemi ni wewe, nasema tu polisi naye ana haki ya kufikiria hivyo.

---

FundiBarafu

Kidojembe, hujakosea sana. Kidole ni changu na nilikuwepo. Ndilo jambo lenyewe ninalolisema. Mfumo ulithibitisha kuwa mimi ni mimi, haukuthibitisha kuwa mimi nilijua ninachosajili.

---

Aliyekuwa Mwamvulini

Ngoja niwaeleze, maana nimekaa chini ya mwamvuli miaka mingi kabla ya kuhamia kuuza vifaa vya umeme.

Kijana wa mwamvuli hana mshahara. Anakula kamisheni kwa kila laini anayosajili, na ana kiwango cha kufikisha. Msimamizi wake naye ana kiwango. Siku ambayo watu hawaji, kijana ana njaa na msimamizi anapiga simu. Hapo ndipo akili inapoanza kuzunguka.

Njia ya kwanza ni hiyo aliyoieleza fundi. Mteja anaweka kidole kwa ajili ya laini yake, inakubali, kijana anasema "haijasoma", anafungua usajili mpya wa laini nyingine, mteja anaweka tena. Kwa mteja ni tatizo la jasho. Wengine walikuwa na usajili wa mitandao mitatu kwenye simu moja, kwa hiyo ndani ya dakika chache umesajiliwa huku na huku. Ndiyo maana fundi umekuta laini za mitandao ambayo hujawahi kuitumia.

Njia ya pili ni ya vijijini. Vijana wanashuka mnadani na fulana na sabuni, wanasema kuna promosheni, wazee wanapanga foleni. Mzee anaondoka na kipande cha sabuni na laini moja mkononi, zilizobaki zinaondoka na gari. Hizo ndizo zinazouzwa zikiwa "tayari". Anayezinunua si mtu wa kupiga simu kwa shangazi yake.

Ila nisiwaonee vijana wote. Kweli vidole havisomi. Mkulima aliyeshika jembe miaka arobaini, fundi saruji, mama muuza samaki anayeshinda na barafu na chumvi, gumba limekuwa laini kama kijiko. Hapo kurudia mara nne ni haki kabisa, na mwizi anajificha katikati ya hiyo haki. Mteja hawezi kutofautisha.

Kinachosaidia ni kimoja tu: kila usajili ukikamilika, mtandao hutuma meseji kwenye laini husika. Usiondoke mpaka laini yako imepata meseji, na hapohapo, ukiwa bado umesimama mbele yake, piga *106#. Akikuuliza kwa nini, mwambie unahesabu.

---

Mama Wawili Mbeya

Mimi nina kibanda cha miamala, kwa hiyo niongezee upande wetu maana wakala anaumizwa kila siku na hakuna anayemuonea huruma.

Saa kumi na mbili jioni, stendi, watu wamejaa. Anakuja kijana nadhifu, anataka kutoa laki tatu. Anapiga simu yake kama anavyopiga kila mtu. Simu yangu inaingia meseji: umepokea, jina, kiasi, salio jipya, kila kitu mahali pake. Yeye ameshanyoosha mkono na nyuma yake mtu anaulizia vocha. Ukimpa, umekwisha. Ile meseji imetoka kwenye namba ya kawaida, ameiandika mwenyewe nyumbani kwake ametulia, ameacha nafasi ya kujaza kiasi. Ukiisoma juu pale kwa mtumaji utaona ni namba ya mtu. Lakini nani anasoma juu saa kumi na mbili jioni?

Mimi sasa siangalii meseji kabisa. Naangalia salio. Mteja akinuna anune.

Wengine wanakuja na kitambulisho cha mtu. Ukimuuliza jina analitaja vizuri kabisa na tarehe ya kuzaliwa. Sikumbuki nani alinifundisha hili: zile tarakimu nane za mwanzo kwenye namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo mtu akishika namba yako yote ya tarakimu ishirini, tarehe ya kuzaliwa ameipata bure. Na ile namba tunaiandika wapi? Daftari la gesti. Fomu ya kikoba. Getini kwenye ofisi za watu. Daftari la gesti linakaa kaunta limefunguka, ukijiandikisha unawasoma wote waliolala jana na juzi.

---

Kidojembe

Hapo kwenye daftari la gesti mama umegusa ndoa za watu 😂

---

Steshenari Ubungo

Vivuli vya vitambulisho je? Watu wanaleta kutoa kopi, kopi ya kwanza imetoka imepinda, wanaiacha. Kuna duka moja nililikuta linauza zile karatasi kwa kilo kwa wauza karanga. Nilinunua karanga za mia mbili Kimara, nimefunguliwa kikaratasi kina picha ya mtu, namba ya kitambulisho, saini, na mshahara wake kwenye fomu ya mkopo. Karanga zilikuwa nzuri. Kile kikaratasi nilikichana, lakini vilikuwa vingi kwenye sinia.

---

Binti Kilosa

Naomba niandike ya kwangu, na tafadhali msiniite dada mzembe.

Sijawahi kukopa mtandaoni maishani. Mwaka jana nikaanza kupokea simu asubuhi, mchana, usiku. "Mwambie rafiki yako alipe deni." Rafiki yupi? Ananitajia jina la binti niliyesoma naye chuo. Alikopa kwenye programu ya simu, ile programu ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake, akakubali maana bila hivyo mkopo hautoki. Mimi nimo kwenye majina yake, basi nimekuwa mdhamini. Sijasaini chochote.

Haikuishia hapo. Wakachukua picha yangu ya WhatsApp, wakaiunganisha na ya kwake, wakaandika kwa herufi nyekundu kwamba hawa ni matapeli wanatafutwa, wakaituma kwa watu. Ilifika kwa mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akanionyesha kwenye simu yake. Nilikuwa nimevaa gauni la harusi ya dada yangu kwenye ile picha.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni na kusema hazitambuliki. Niliisoma yote mpaka mwisho, ile iliyonisumbua ilikuwemo. Nilifurahi kama siku mbili hivi. Halafu zikaja simu kutoka programu yenye jina jingine, maneno yaleyale, hata sauti ya yule dada nadhani ni ileile.

Wezi wa fundi walitumia jina lake kupokea hela. Hawa wangu walitumia sura yangu kumtisha mtu mwingine. Sijui tuliite wizi wa nini, ila mwalimu mkuu mpaka leo ananisalimia kwa tahadhari.

---

Mzee wa Kijiweni

Pole sana mwalimu. Hakuna anayekuita mzembe hapa.

---

Mkenya Halisi

Wabongo salamu kutoka Eldoret. Kumbe tuna *106# moja! Hata huku Safaricom ukipiga hiyo inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Majirani kweli.

Kwetu donda kubwa ni kubadilishiwa laini. Mkora anajifanya wewe, anaripoti laini imepotea, anapewa nyingine yenye namba yako. Simu yako inapoteza mtandao ghafla. Unafikiri ni mnara umeharibika, unaenda kulala. Asubuhi M-Pesa ni sufuri, benki ni sufuri, na umekopewa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, juu yake. Mulot, pale mpakani mwa Bomet na Narok, palijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo. Vijana wadogo kabisa, nyumba za maana.

Kuna njia ya kujikinga: *100*100#. Unafunga laini yako isibadilishwe na mtu wa mbali, mpaka uende dukani wewe mwenyewe. Nimewafanyia wazazi wote wawili.

Halafu nyinyi mnalia laini, sisi 2021 tuliamka tukajikuta wanachama wa vyama vya siasa. Si utani. Ukiingia kwenye tovuti ya serikali unakuta wewe ni mwanachama wa chama fulani, na hujawahi hata kuvaa kofia yao. Msajili wa vyama akalazimika kuweka njia ya kujitoa mtandaoni. Mjomba wangu alikuwa kwenye chama ambacho amekitukana kila jioni maisha yake yote. Mahali walipotoa namba za vitambulisho vya watu, kila mtu ana dhana yake: madaftari ya getini, madaftari ya mawakala. Huyo mama wa Mbeya anajua anachosema.

---

Mpemba wa Muscat

Assalamu alaykum. Mie nipo Oman, yangu ni ya WhatsApp.

Ilikuja meseji kutoka kwa mtoto wa ami yangu, namba yake yenyewe: "Samahani, nimekosea, nimekutumia tarakimu sita kwenye simu yako, nirudishie." Kweli zilikuwepo, zimeingia kwa meseji. Kumbe yeye keshaibiwa, na zile tarakimu ni za kuifungua WhatsApp yangu kwenye simu ya mwizi. Bahati nilikuwa kazini mikono ina rangi, sikuzirudisha. Lakini watatu katika grupu letu la ukoo walizirudisha.

Ikawa kila ndugu aliyeko Muscat na Dubai anaonekana anaomba. Mmoja amekwama uwanja wa ndege, mwengine ana riyali anataka kuzibadilisha, atume mtu shilingi huko Unguja, yeye atamrudishia kwa bei nzuri. Hii ya riyali ndiyo iliyowapata watu, kwa sababu kweli sisi ndivyo tunavyotumiana hela. Mtu huku anatoa riyali, mtu wake kule anatoa shilingi. Mwizi alisoma meseji za nyuma, akajua nani humwita nani bi mkubwa, nani humwita khalati. Alimwandikia mama yangu kwa lafudhi ya Wete, wallahi.

Mama ndiye aliyemshtukia. Alimuuliza, "Yule mbuzi wetu kazaa wangapi?" Hatuna mbuzi. Akajibiwa wawili.

---

FundiBarafu

😂😂 Bi mkubwa apewe ofisi ya upelelezi.

---

Mweka Hazina Mstaafu

Nacheka lakini roho inauma, kwa sababu kwetu yalitokea msibani.

Tulifiwa na kaka. Tukafungua grupu la rambirambi, nikachaguliwa kupokea michango, namba yangu ikawekwa. Grupu la msiba huwa halina mlango, kila mtu anamuongeza mtu, ndani ya usiku mmoja tulikuwa mamia. Asubuhi ya pili ikatokea namba yenye picha yangu na jina langu ikiandika: "Ndugu zangu, laini yangu imejaa, haipokei tena, michango ielekezwe hapa." Msiba wenyewe mkubwa, laini kujaa ni jambo linalowezekana, kuna ukomo wa salio. Mimi saa hiyo nipo mochwari na simu nimeizima.

Nilipowasha, watu waliokuwa wamenipigia kuuliza ni wawili tu. Waliobaki walituma. Jina lililokuja kwao ni la mama mmoja ambaye hatumjui, na baada ya kusoma uzi huu ndiyo nimeanza kumfikiria yule mama. Vijana wetu walitaka kumtafuta wamfanyie fujo. Walikuwa wamepata mpaka kata anayokaa.

Sasa hivi nikishika hela ya msiba natuma ujumbe wa sauti, kila asubuhi, nikitaja namba yangu. Ubahili wa maneno uliniponza.

---

Wakili wa Mtaa

Nimesoma wote. Niseme machache upande wa sheria, na mwenye shauri kubwa aende kwa wakili ana kwa ana.

Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta au simu ni kosa lenye kifungu chake kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Binti Kilosa, ya kwako inaangukia pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha yako na namba yako ni taarifa zako, kuzichukua kwenye simu ya mtu mwingine na kuzisambaza hukuridhia. Kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inapokea malalamiko. Peleka, na ile picha yenye maandishi mekundu usiifute hata kama inakukera. Ihifadhi pamoja na namba iliyoituma na tarehe.

Kwa aliyetuma hela: dakika za mwanzo ndizo zenye maana. Piga 100 kwa mtandao wako, omba muamala uzuiwe. Tapeli akipokea hajengi nayo nyumba, anaihamisha au anaitoa kwa wakala mara moja. Ikishatoka, utabaki na RB na subira. Meseji ya kitapeli ambayo hujaifanyia kitu, ielekeze namba yake kwenda 15040, hiyo ni njia ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokea namba hizo na kuzifungia. Watu wanaidharau, lakini laini iliyofungwa leo mtu wa kesho hatumiwi meseji kutoka kwayo.

Kwa aliyekuta laini asiyoijua: usiishie kushangaa. Nenda duka la mtandao huo na kitambulisho, ikane kwa maandishi, omba nakala. Ile nakala ndiyo itakayokusemea siku mpelelezi wa mkoa mwingine akikupigia. Fundi, yako unayo?

Na simu au laini ikiibiwa, toa taarifa polisi na kwa mtandao. Sheria ya mawasiliano ya 2010 inakutaka ufanye hivyo, na wengi wetu tunaishia kununua nyingine tu.

---

FundiBarafu

Nakala ninayo wakili, nimeiwekea nailoni kama cheti cha ndoa.

---

Kidojembe

Nina swali la kweli, si ubishi safari hii. Ripoti za TCRA za kila robo mwaka huwa zinataja Rukwa na Morogoro kuwa juu kwa majaribio ya utapeli. Ina maana fundi wa Tabata, laini yake ilikuwa inatumikia huko?

---

Aliyekuwa Mwamvulini

Inawezekana kabisa. Zile hesabu ni za namba zilizofungwa zilikokuwa zinatumika, haziangalii mwenye jina amezaliwa wapi. Laini inasafiri kwenye bahasha. Ndiyo maana ukipita na hasira kutafuta mwenye jina unamkuta bibi anachambua mboga.

---

Mama Wawili Mbeya

Fundi, yule mama wa Singida ikawaje? Umetuacha njiani.

---

FundiBarafu

Hela haijarudi mama. Ilitolewa siku ileile, kabla hata hajanipigia. Mwenye mashine amekubali amkate kidogokidogo msimu huu na ujao. Tunaongea. Mwanzoni alikuwa anapiga kuhakikisha sijabadilisha namba, nilikuwa naelewa. Juzi alipiga kuniuliza friji lake linaganda juu tu, chini halipoi. Nimemwelekeza ang'oe plagi alale nalo limefunguliwa mpaka barafu iyeyuke yote, akiona bado, ni feni ya ndani. Hajanirudia.

---

Mjukuu wa Iramba

Wakuu mimi ni msomaji tu, leo mmenifanya nifungue akaunti. Nipo kijijini likizo. Nimechukua simu za wazee, kiswaswadu hiki cha tochi, nikapiga *106# bila bando wala nini, ikakubali.

Ya bibi imekuja moja, yake. Ya babu zimekuja tatu, na babu tangu azaliwe ana laini moja. Nimemuuliza kama aliwahi kusajili nyingine, akasema walikuja vijana mnadani "wakatupima vidole". Fulana yao ndiyo anayolimia.

Kesho nampeleka mjini dukani. Wasiwasi wangu ni kidole. Aliyekuwa Mwamvulini, gumba lake limesuguka kabisa, hata NIDA walihangaika. Tukifika wakasema halisomi, safari ya bodaboda kwenda na kurudi imekufa. Nifanyeje?

---

Aliyekuwa Mwamvulini

NIDA walichukua vidole vyote kumi, kwa hiyo wasikazanie gumba. Mwambie wa dukani achague kidole kingine kwenye mfumo, kidole kidogo cha mkono asioushikia jembe ndicho huwa kimesalimika. Leo usiku mnawishe kwa maji ya uvuguvugu umpake mafuta, asubuhi tena kabla hamjapanda pikipiki. Mkifika apumzike kwanza, afute mikono ikauke, ndiyo aweke. Na wewe simama upande wa skrini, usome kilichoandikwa kila anapobonyeza.

---

Mjukuu wa Iramba

Nimemwambia habari ya mafuta. Anasema yapo ya alizeti.

---

Aliyekuwa Mwamvulini

Yanafaa. Kidogo tu, asije akateleza.